Mwandiko Uliokuwa Kwenye Jambia

Rukia, mama,

Nakuandikia na uko chumba cha pili, nakusikia unabishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uchukue mbili, wewe unataka moja. Chukua mbili, utunusuru masikio. Mambo ya sufuria, chandarua, dawa ya tumbo na kupiga simu kila Ijumaa amekwisha kukuagiza mara nne, na mimi sina la kuongeza. Alasiri imeshasaliwa, nimeinamia meza ya cherehani, mteja wa mwisho nimemwambia arudi wiki ijayo, na hili ninaloliandika sijawahi kulisema kwa mtu. Kesho unaondoka. Nisipoliandika leo nitalizungusha tena mwaka mwingine, najijua.

Wiki iliyopita nilikufokea mbele ya majirani. Ulikuwa umekaa barazani, bakuli la siki kando, stilwaya mkononi, simu umeiegemeza kwenye buli, na ndani ya simu mzungu mmoja mwenye glavu anasugua jambia lake mpaka linametameta. Mimi natoka msikitini, nikaona lililoko mapajani mwako ni jambia la babu. Nikapiga ukelele uliweke chini, hata muuza kahawa akasimama. Mwalimu mzima, umeshapangiwa kituo Pangani, nikakunyang'anya kama ninavyomnyang'anya mtoto wembe. Ukaniambia ni kutu tu, unataka liwe safi ukalitundike kwa shangazi Zuhura, atafurahi. Kisha ukanuna mpaka Maghribi, na ilikuwa haki yako.

Siki ilinikera, sikatai. Lakini lile la kwamba shangazi yako atafurahi ndilo lililonichoma. Unakwenda kukaa nyumbani kwake, na yeye ni mdogo wangu wa tumbo moja, hatuna mwingine. Je, umewahi kujiuliza kwa nini kila akija kwetu haingii chumba cha mbele, liliko kasha la majambia? Anapitia mlango wa uani, anakaa na mama yako jikoni, anakula, anaaga. Wewe unadhani anapenda jiko.

Nianze na unalolijua. Majambia yetu ni mawili, na yote ni ya kijeshi: chuma kilichonyooka, mpini wa mti, ala ya ngozi. Si yale ya kupinda anayovaa bwana harusi. Baba yake babu yako alikuwa askari wakati Mjerumani na Mwingereza wanapigana katika nchi yetu. Aliondoka na jambia moja kiunoni akarudi na mawili. La pili lilikuwa la mwenzake, jina lake Feruzi, aliyekufa kwa homa huko kusini. Babu mkuu alilibeba akitumaini atawapata ndugu zake awape, akauliza kila mji aliopita, asiwapate. Basi likabaki kwetu kama amana. Lile lake mwenyewe, tunaloliita jambia la babu, ni jeusi. La Feruzi linang'aa kama kijiko kipya. Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniuliza kwa nini hayafanani, na mimi nakujibu kwamba ndivyo yalivyo.

Hilo lilikuwa jibu la mtu anayekimbia. Nitalifikia. Kwanza nikufundishe kazi yenyewe, maana nilikupokonya jambia bila kukuambia lishikweje, na katika hili sitajitia unyenyekevu: nalijua.

Jambia la zamani kwanza halisafishwi, linaangaliwa. Liweke juu ya kitambaa cheupe karibu na mlango, mwanga wa asubuhi, ulikague kama mimi ninavyokagua kitambaa cha mteja kabla sijashika mkasi, kwa sababu ukishakata umekata. Pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na unga mwekundu, hiyo ni kutu inayokula, na hiyo lazima uishughulikie. Kisipotoka na kitu, na chuma kina weusi au ukahawia uliotulia, huo uache. Ndiyo ngozi yake, imeota kwa miaka, na ndiyo inayokikinga. Huyo bwana wako wa kwenye simu anachuna ngozi halafu anashangilia.

Kutu inayokula dawa yake ni mafuta ya cherehani na subira. Matone matatu, manne, juu ya kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Paka, lilaze mpaka kesho yake, futa. Panapong'ang'ania kwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi ulichokichonga mwenyewe, maana mwanzi ni laini kuliko chuma, hauachi mkwaruzo. Kisha rudia. Kipo kidonda kimoja cha kutu karibu na mpini wa jambia la babu, kilinichukua Ramadhani nzima mpaka mwezi wa mfungo tatu kukituliza, na mama yako akawa anasema bora ningeoa mke wa pili angejua wa kugombana naye.

Ndimu, ukwaju, siki, majivu, msasa, stilwaya, vyote hivyo viweke mbali. Na mafuta ya nazi pia, hata ukimwona mtu mzima anayapaka. Mtu huyo ni mimi. Mwaka niliomuoa mama yako niliishiwa mafuta ya cherehani, nikaona aibu kutoka kwenda kununua wageni wakiwa barazani, nikachota ya jikoni nikapaka chuma na ala yote, ndani na nje. Kwa wiki mbili chumba kilinukia vizuri. Halafu mafuta yakachacha, yakanata, yakashika vumbi, na mende wakafanya karamu. Lile tundu unaloliona ubavuni mwa ala ni meno yao. Ngozi ifute vumbi tu kwa kitambaa kikavu, na mpini wa mti utosheke na nta ya nyuki kidogo sana, mara moja kwa mwaka.

Jingine, chuma kisilale ndani ya ala. Hapa karibu kila mtu anakosea, kwa kuwa anaona ala ndiyo nyumba ya jambia. Ngozi ya huku pwani inakunywa unyevu wa chumvi mchana na usiku, na chuma kikikaa humo kinaliwa huku nje unaona pambo. Vilaze kando kwa kando, kila kimoja na kitambaa chake. Mfuko wa nailoni usithubutu, unatoa jasho. Ukilishika kwa mkono mtupu lifute kabla hujaliweka, la sivyo baada ya miezi michache utaona alama za vidole vyako zimejichora juu ya chuma. Na usilinoe. Halina tena wa kumkata.

Najua hapo unacheka, baba na majigambo yake. Cheka. Watu wa mji huu wenye vitu vya wazee wao huniletea mimi, wengine wanatoka mpaka Saadani na panga la babu limefungwa kwenye gunia, na wakiniita bingwa sikatai. Ila ubingwa huu, Rukia, haukuwa wangu. Uliandaliwa kwa mtu mwingine.

Babu yako alikuwa na watoto wawili, mimi na Zuhura, na aliyemchagua kumfundisha majambia alikuwa Zuhura. Mimi nina miaka kumi na saba, yeye kumi na minne. Kila mwezi ukiandama babu alitandika mkeka chumba cha mbele, akafungua kasha, akamwita. Alisema mkono wa Zuhura ni mwepesi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutumwa mafuta dukani. Nilikuwa na wivu, nasema wazi, wivu wa kunikosesha usingizi, kwa sababu mimi ndiye mwanamume na mimi ndiye mkubwa.

Kwenye bapa la jambia la Feruzi, chini kidogo ya mpini, palikuwa na jina lake kwa herufi za Kiarabu. Alilikwaruza mwenyewe kwa msumari, huko huko vitani. Herufi zilikuwa zimepinda, kama za mtu aliyeacha chuo cha Kurani mapema. Ndicho kitu pekee kilichobaki kutoka mkononi mwa mtu yule. Zuhura akifika hapo alipunguza mkono, akapaka mafuta kwa ncha ya kidole alichokizungushia kitambaa, na babu yako alikuwa akimtazama anatabasamu.

Ikafika siku ya kusugua vyombo vya Idi. Wewe umezaliwa umekuta masinia ya stili, hukuiona siku hiyo. Wanawake wa nyumba na wa jirani walikaa uani tangu asubuhi, kila kilicho cha shaba kikatolewa, masinia, mabirika, vyetezo, kikasuguliwa kwa ukwaju na majivu ya makumbi mpaka uone meno yako ndani yake. Kitu kisichong'aa siku ya Idi kilikuwa aibu ya nyumba. Zuhura alikuwa katikati yao, mikono myeusi hadi viwikoni. Babu yako alikuwa shambani Makurunge, angerudi siku ya Idi yenyewe.

Mimi na wenzangu tulikuwa tumepatana siku ya Idi twende studio tukapige picha. Nikataka nitokee na jambia kiunoni. Nikafungua kasha, nikachagua la Feruzi kwa kuwa ala yake ilikuwa nzuri zaidi, nikalifunua kitambaa nikaona jeusi, la kizee. Nyumba nzima inang'arishwa, nami nivae kitu cheusi? Nikachota ukwaju na majivu uani, hakuna aliyeniuliza, nikaenda nyuma ya banda la kuku nikasugua. Halikung'aa upesi. Nikaenda kwa seremala nikamwomba kipande cha msasa. Hapo likaanza kutoa mwanga, na nakumbuka raha niliyoipata, wallahi sitakudanganya, nilisugua huku naimba. Nilipolimwagia maji bapa likawa jeupe kama kioo, na jina halipo. Nikaligeuza nikidhani nimekosea upande. Upande wa pili nao ulikuwa mtupu.

Nikalifuta, nikalirudisha kashani, nikajisugua mikono kwa ndimu mpaka kucha zikatakata, na picha sikwenda kupiga. 

Babu yako alirudi, akaswali, akala pilau, akafungua kasha ayatazame kama desturi yake ya Idi. Akatuita sote chumba cha mbele, sisi na shangazi zake wawili waliokuja kula sikukuu. Hakupaza sauti. Aliliweka jambia juu ya kitambaa akauliza ni nani. Macho yote yakaenda kwenye mikono ya Zuhura, maana weusi wa majivu na ukwaju hautoki kuchani kwa kunawa tu. Hakulia. Akasema, "Baba, mimi ningelipaka mafuta. Nisingelisugua."

Babu yako akamtazama. Alikuwa anaanza kumwamini, nilimwona, kwa sababu maneno yale ni ya mtu anayejua kazi. Akanigeukia mimi. Na mimi nikasema, "Labda alilichanganya na vyombo."

Basi, hayo tu. Shangazi zake wakaguna kwamba ndiyo, mtoto amechoka, vyombo vingi, mambo haya hutokea. Babu yako akapitisha kidole pale palipokuwa na jina. Akasema, "Jina nalijua kwa moyo. Mwandiko wake ndio umekwenda." Hakumpiga Zuhura wala hakumtukana. Alimwambia asilifungue tena lile kasha. Na mwezi ulipoandama alitandika mkeka akaniita mimi.

Yote niliyokumwagia hapo juu, mafuta, mwanzi, ngozi, vidole, niliyapata nimekaa mahali pa mdogo wangu, naye yuko uani anapepeta mchele na anasikia kila neno. Wakati mwingine babu yako aliuliza swali, mimi nikababaika, na mlio wa ungo uani ukasimama kidogo. Alikuwa na jibu. Nilijua analo. Nikisha kubabaika vya kutosha babu alinijibu mwenyewe, na ungo ukaendelea.

Zuhura hakuwahi kuniuliza. Nadhani alijua tangu siku ile ile, maana nani mwingine? Akaolewa Pangani, na siku ya harusi yake nilifika mpaka mlangoni pake ili niseme, nikajiambia siku ya furaha haiharibiwi. Babu yako alipokuwa mgonjwa nikajiambia mgonjwa hatiwi simanzi. Tulipogawana vitu vyake, wazee wakamuuliza Zuhura anataka nini katika vya kashani, akasema vya kashani hana haja navyo, akachukua ubao wa kusukumia chapati. Mimi nikainamisha kichwa nikajitia kuhesabu vitu vilivyobaki. Uongo wa maneno manne, Rukia, na nimeupaka mafuta miaka arobaini usiharibike. Hakuna jambia nililolitunza kwa bidii hiyo.

Unaniona baba yako mwenye maneno mengi, anayebishana na kila mtu barazani juu ya mpira na siasa na bei ya samaki. Mtu mwenye neno moja asilotaka kulisema huwa na mengine mengi. Nimelijua hilo nikiwa mzee, bure kabisa.

Sasa wewe unakwenda kuwa na darasa lako. Kitu kitavunjika siku moja, kioo au kiti, na macho ya wote yatamwendea mtoto mwenye mikono michafu. Sikuambii ufanye nini, kazi yako umesomea. Nakuambia tu nilivyokuwa mimi siku ile: mimi ndiye niliyekuwa na mikono safi kuliko wote chumbani, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu tayari.

Nilikuwa nimepanga hivi. Nikupe jambia la babu uende nalo, na barua ndogo ya kumpa shangazi yako, wewe umkabidhi mimi nikiwa mbali, nisubiri simu. Niliiandika kweli juzi, iko hapa chini ya cherehani imekunjwakunjwa. Nilipoisoma mara ya pili nikajiona. Nilikuwa nafanya yale yale, namtanguliza binti mbele yangu ayapokee macho ya watu. Nikasema la, mara hii haitakuwa hivyo. Wewe hutabeba neno langu hata moja. Beba sufuria zako.

Majambia yote mawili yanakwenda Pangani. Nimeyafunga kila moja kwenye kitambaa chake, ala zake kando, ndani ya sanduku la mbao, na sanduku litakaa kwenye buti la basi pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza ni vitu gani, tusije tukatiwa adabu njiani. Yanarudi kwa aliyechaguliwa. Akipenda akufundishe wewe, shukuru Mungu, maana mimi niliiga tu, mkono wenyewe ni wake. Akisema hayataki, ayatupe mtoni, nitasimama nitazame na sitamfundisha namna ya kuyatupa. Mwandiko wa Feruzi hautarudi kwa mafuta wala kwa nta, hilo nimelikubali. Jina la mdogo wangu lingali linarudishika, yeye yu hai nami ni hai.

Unauliza kama naogopa? Naogopa, mwanangu, nimeshona kola moja mara tatu leo. Lakini nina hakika na ninachokwenda kufanya kuliko nilivyopata kuwa na hakika na kitu chochote, na nimelala vizuri siku mbili hizi.

Kesho ukitoka na mizigo yako utanikuta mlangoni nimevaa kanzu. Mama yako anadhani nakusindikiza mpaka stendi. Nimekata tiketi yangu, kiti kilicho kando ya chako. Ndani ya basi tuzungumze mengine, niulize habari yoyote nitakujibu, ila hii tusiiguse mpaka tufike. Na tukifika usinisemee, usinitetee, wala usimwombe anisamehe. Kaa upande wa shangazi yako. Nitaomba aniruhusu tukae chumba chake cha mbele, na mbele yako, na mbele ya mumewe na wanawe na yeyote atakayekuwepo, nitasema kwa sauti ile ile niliyosemea siku ile: Zuhura, aliyelisugua ni mimi.

Baba yako